Gitaa Linamwita Nani

Bendi yetu haikuwa ya mtu. Naanza na hilo kwa sababu siku hizo ukisema una bendi, swali la kwanza lilikuwa: ya nani? Zilikuwepo bendi za mashirika, za jeshi, za matajiri wenye mabaa, na wapigaji wake walikuwa waajiriwa kama makarani. Sisi wa Mpanda, miaka ya tisini, tulikuwa wanne. Vyombo vilikuwa vyetu, na asiyependa wimbo alisema haupendi na tukagombana hadi tukachoka. Jina la bendi lilikuwa refu kuliko orodha ya wanachama wake, na hapa sitalitaja, maana tuliokuwemo tunajuana.

Mimi nilipiga besi. Riziki yangu ilitoka kwenye cherehani, kibarazani kwangu pale Kashaulili, mkabala na wauza dagaa. Wapo walioshangaa mwanamke kushika gitaa la umeme. Hao niliwaambia kwamba mtu anayetia uzi kwenye sindano kwa mara moja hawezi kushindwa na nyuzi nne nene kama kamba za kuanikia nguo. Mwimbaji wetu alikuwa muuzaji katika duka la mjomba wake, kijana mtanashati aliyevaa suruali nyeupe katika mji wa vumbi jekundu na bado akafika jioni ikiwa nyeupe. Mpiga dramu alikuwa mwendesha mashine ya kusaga kule Kawajense, na hapo ndipo tulipochajia betri za gari zilizoendesha spika zetu. Na mpiga gitaa la solo, ambaye ndiye hasa habari yenyewe, alikuwa mtoto wa kwanza wa mfugaji wa Kisukuma aliyeshuka kutoka kaskazini na ng'ombe zake, akajenga boma nje ya Kawajense, kule majani yalikokuwa bado marefu.

Tulipiga magitaa kwa nguvu. Mwimbaji alisema muziki wetu ni roki. Mpiga dramu alisema ni dansi iliyokasirika. Mama yangu, aliyeshuka kutoka milima ya Mwese mara moja kunitazama, alisema ni mashine ya kusaga yenye maneno, kisha akaomba tupige tena.

Sasa nieleze tulivyorekodi, kwa sababu hakuna aliyerekodi kama sisi, na nikisema hivyo sijisifu, naeleza tu. Tulikuwa na redio kaseti moja, mali ya mwimbaji, yenye kitufe chekundu na maikrofoni ndogo ya tundu moja upande wa kulia. Haikuwa na sehemu mbili za kanda, kwa hiyo haikuweza kunakili. Kanda moja ikishatoka, ndiyo hiyo. Mtu mwingine akitaka, tulikaa tukapiga upya, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Mwanzoni tulifanya hivyo kwa shida. Baadaye tukaona ndio utaratibu bora, na mimi ndiye niliyewaambia wenzangu kwa nini: ilikuwa kama ushonaji. Gauni la dukani linamfaa kila mtu kidogo. La fundi linamfaa mmoja, lakini linamfaa kweli.

Basi nikaanza kupokea oda za kanda palepale kibarazani, katika daftari lilelile la vipimo. Kurasa za mbele kifua, kiuno, urefu wa mkono. Kurasa za nyuma kanda. Aliyetaka kanda nilimuuliza maswali yangu: ni ya nani, anafanya kazi gani ya mikono, atakuwa wapi akiisikiliza, na kitu gani anakikosa. Watu walicheka swali hilo la mwisho halafu wakalijibu kwa muda mrefu kuliko mengine yote. Muuza samaki mmoja alisema anakosa kelele za ziwa la kwao, akanieleza mpaka kitambaa kikaniungulia kwenye pasi. Kila kanda ilifunguliwa na salamu za mwimbaji kwa mwenyewe, zikafuata nyimbo zetu, na mwisho wimbo mmoja ulioshonwa kwa kipimo chake peke yake. Wimbo huo haukupigwa tena kwa mtu mwingine.

Tulirekodia chumbani kwangu, nyuma ya kibaraza, godoro la mabua likiwa limeziba dirisha na mablanketi yametundikwa ukutani. Mpiga dramu tulimweka uani, maana ngoma zake zilikuwa za ngozi ya ng'ombe juu ya mapipa, na akiwa ndani hasikiki mtu mwingine. Jogoo wa jirani yumo katika kanda nyingi. Mvua juu ya bati imo katika mbili. Mwenye kibanda cha kanda pale sokoni alinijia akitaka tumpe moja azalishe nyingi, auze hadi Tabora kwa treni. Nilimwambia kanda zetu hazina pacha. Aliniona mwendawazimu, na mimi nikamwona mtu asiyejua kushona.

Daftari ninalo hadi leo. Kurasa za nyuma zina kanda arobaini na moja. Nataka kusimulia ya arobaini na moja.

Mpiga solo hakuwahi kuongelea kwao. Alikuja mjini akiwa na viatu vya matairi na gitaa begani, akapiga, akarudi. Alikuwa mkimya wa namna ambayo inawafanya wengine waongee zaidi. Lakini akishika gitaa, jamani, hata leo nikikumbuka mkono wake wa kushoto nasikia raha. Bila yeye sisi watatu tulikuwa mdundo tu na maneno.

Siku moja ya mnada, saa nne asubuhi, baba yake akasimama mbele ya kibaraza changu. Sikuwa nimemwona kabla, lakini nilimtambua kwa mabega. Alikuwa mrefu, shuka begani, fimbo mkononi, na hakukaa nilipomsogezea kigoda.

"Mwangaluka, fundi," alinisalimu kwa Kisukuma, nami nikaitikia hivyohivyo. Kisha akaingia moja kwa moja katika Kiswahili chake kizito. "Mimi nahama. Hapa majani yamekwisha, na watu wa misitu wananisumbua. Mvua ikikatika naenda kusini, bonde la Rukwa huko. Mwanangu wa kwanza ndiye wa kuswaga ng'ombe. Nimekuja kuwaambia nyie mapema, msije mkasema nimewaibia."

Niliweka mkasi chini. Nilimwambia kwamba mwanawe ndiye bendi yenyewe.

"Nasikia," alisema. "Nasikia ana gitaa. Sasa nikuulize wewe fundi, maana yeye haniambii. Mimi nikipiga mluzi, najua namwita nani, na ninayemwita anakuja. Hilo gitaa linamwita nani?"

Mimi, ambaye sijawahi kukosa jibu pale sokoni, nikauokota mkasi nikakata uzi usiohitaji kukatwa. Mzee alingoja kwa adabu. Alipoona sina kitu, akasema anahitaji koti la safari, zito, na ataleta kitambaa. Akaondoka zake mnadani.

Jioni hiyo tulikaa wanne uani kwangu. Mpiga solo alisema ni kweli, na mtoto wa kwanza hana la kujadili. Kama angebaki bila ruhusa, hangeingia tena katika boma la baba yake, na watoto wake wasingekuwa na kwao. Alisema hayo akiangalia miguu yake. Mwimbaji akapendekeza tumtume sheikh akamwombe mzee, mpiga dramu akapendekeza tumfiche mtu wetu ndani ya mashine ya kusaga. Niliwanyamazisha wote. Nilisema, "Mzee ameuliza swali. Tutamjibu kwa kanda. Nitakwenda kumpima."

Nilikuwa na uhakika kabisa. Ndivyo nilivyo, sikatai. Nikishapima mtu najua hata anavyolala.

Nikaenda bomani asubuhi kumeshakucha, futi ya fundi shingoni, kisingizio changu kikiwa ni koti. Mzee hakuwa na muda wa kusimama, alikuwa anaelekea kunywesha, kwa hiyo nilimpima tukiwa kisimani. Hapo palikuwa na hori, gogo kubwa lililochongwa kama mtumbwi, na wanawe wengine walikuwa wanavuta maji kwa ndoo na kumimina. Ng'ombe walikuwa mbali, wametawanyika vichakani, wala sikuwaona wote. Nikanyoosha futi kutoka bega hadi kifundo cha mkono. Mkono wa kushoto ulikuwa mfupi kidogo kwa sababu ya mfupa uliowahi kuvunjika. Hori lilipojaa, mzee akanyoosha shingo akapiga mluzi. Mmoja mrefu, miwili mifupi, halafu mmoja wa kushuka taratibu kama mtu anayeweka mzigo chini.

Ng'ombe wakainua vichwa. Wakaja. Hawakukimbia wala kusukumana, walikuja kwa mstari, wakubwa mbele, na vumbi lao likatufikia kabla yao. Mzee hakuwaangalia hata. Aliendelea kusimama mikono imenyooka ili nimalize kazi yangu, na nikaona uso wake umelegea kwa amani ambayo sikuitegemea kwa mtu yule. Nikaandika katika daftari, ukurasa wa mbele, vipimo vya koti. Nikafungua ukurasa wa nyuma, nikachora mluzi: mstari mrefu, miwili mifupi, mmoja wa kushuka. Nilirudi mjini nikiimba njia nzima.

Tulirekodi siku ya tatu yake, mchana, mpiga dramu akiwa amezima mashine yake ya kusaga. Nilimwambia mpiga solo aweke mluzi wa baba yake kwenye gitaa, wimbo wa mwisho uanze nao na urudi nao kila baada ya ubeti. Akalegeza uzi mmoja wa gitaa, akasema, "Dada, mluzi ule hauchezewi. Ni wa maji."

"Najua ni wa maji," nilisema. "Nimeuona kwa macho yangu."

"Umeuona siku moja."

"Mimi ndiye niliyempima baba yako au wewe?"

Alikuwa na la kusema, nililiona likiwa mdomoni, lakini mimi nilikuwa mkubwa kwake kwa miaka na kwa ulimi. Akageukia ukuta kama alivyozoea, akafunga macho, akaupiga. Mwanangu wee. Sijui niseme nini. Ulikuwa mluzi wa mzee, uleule, ila mwishoni, pale pa kushuka, mkono wake uliongeza noti moja ndogo ya kupanda, kama mkia. Hakukusudia, alituambia baadaye, kidole kilikwenda chenyewe. Tulipiga mara moja tu, bila kosa, na hata jogoo wa jirani alikaa kimya. Kitufe kilipofunguka tulitazamana wanne. Katika kanda zote arobaini na moja, ile ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Niliwaambia wenzangu kwamba mzee akiisikia atalia.

Tungeweza kumpelekea kanda na redio tu. Lakini mimi nilitaka isikike. Tukafunga spika kubwa kwenye baiskeli, betri kwenye baiskeli ya pili, tukasukuma hadi bomani saa kumi hivi. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kunyweshwa mchana na walikuwa wanaanza kuingizwa zizini, lile zizi la miiba. Mzee alitupokea kwa adabu, akaketi kwenye kigoda, lakini akatupa mgongo nusu, kama mtu anayesubiri wageni wamalize. Mwimbaji akaweka redio juu ya kinu kilichogeuzwa. Akabonyeza.

Salamu zikatoka, jina la mzee likatajwa kwa heshima zote. Hakugeuka. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, mzee akawa anachora chini kwa fimbo. Nilimwona mpiga solo amesimama kando ya zizi, amekunja mikono, na hakuwa anamtazama baba yake. Alikuwa anawatazama ng'ombe. Hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi kwa mara ya kwanza, na ulikuwa umechelewa, maana wimbo wa mwisho ulishaanza.

Mmoja mrefu. Miwili mifupi. Mmoja wa kushuka, na mkia wake.

Zizi zima likainua vichwa. Waliokuwa nje waligeuka. Waliokuwa ndani hawakutafuta mlango, walipita kwenye miiba kama vile ni nyasi, na mlio wa matawi yakivunjika sitausahau. Walikuja wote kwenye spika. Mpiga dramu akaikumbatia spika kwa mikono miwili akipiga kelele kwamba betri, betri. Mwimbaji alipanda juu ya ghala la mahindi na suruali yake nyeupe, na hiyo ndiyo siku pekee niliyoiona haikurudi nyeupe. Mimi nilishika redio kifuani, nikajibana kwenye ukuta wa nyumba, na ng'ombe mmoja mzee mwenye pembe iliyopinda akaja akaanza kuilamba mikono yangu. Walijaa pale, wakasimama, wakasubiri. Gitaa likapiga mluzi tena baada ya ubeti, nao wakasogea tena. Ndipo nilipopata akili ya kuzima.

Ng'ombe walikuwa wanapumua tu.

Mzee alisimama. Nilidhani atatupiga kwa fimbo, na kusema kweli ningesimama nipigwe. Akapita katikati ya ng'ombe zake taratibu, mkono mgongoni kwa huyu, mgongoni kwa yule, hadi akanifikia. Akasema, si kwa sauti kubwa:

"Maji yako wapi?"

Sikuelewa. Akarudia.

"Mmewaita kwenye maji. Wamekuja. Maji yako wapi, fundi?"

Mpiga solo ndiye aliyenieleza, palepale, kwa aibu, lile aliloshindwa kusema chumbani kwangu. Kwao mluzi wa maji haupigwi ovyo. Hata mtoto mdogo akiupiga kwa mchezo anachapwa. Ng'ombe akiitwa akakuta hori kavu, mara ya pili atasita, na mara ya tatu hatakuja, na siku mtakapokuwa njiani, katikati ya pori, mto mmoja tu mbele na giza linaingia, hapo ndipo utakapompoteza. Baba yake hajawahi kuwadanganya ng'ombe zake. Wala babu yake. Tumewadanganya sisi, kwa spika.

Niliona haya. Naandika haya sasa nikiwa mtu mzima na bado naona haya. Nilimpima yule mzee mabega, mkono, hadi mluzi, na sikumuuliza mluzi ni kitu gani.

"Tutawapa maji," nilisema.

Kisima kilikuwa mwendo wa nyimbo mbili kutoka pale. Tukachukua ndoo zote za boma, na mimi redio, ng'ombe wakitufuata. Mzee alikataza wanawe wasitusaidie, akahamisha kigoda chake hadi karibu na hori, akaketi kutazama. Tukachota. Mwimbaji, mtanashati wetu, alichota hadi viganja vikachubuka na hakulalamika hata neno moja, na tangu siku ile nilimheshimu. Mpiga solo alibeba ndoo mbili mbili. Ng'ombe walikuwa wameshiba maji ya mchana, wengine waliramba tu na kugeuka, lakini mzee hakuruhusu tuache. Kila aliyeitwa lazima akute maji. Mgongo wangu ulikuwa unawaka moto. Hori lilijaa, likanywewa, likajaa tena, hadi yule mwenye pembe iliyopinda akanywa wa mwisho, akajitikisa, akaondoka zake.

Tulikuwa tumeketi chini kwenye matope, hoi, jua likiwa juu ya miti, mzee aliposema, "Jazeni tena."

Tukajaza tena. Sikuwa na nguvu ya kuuliza.

Hori lilipofika ukingoni, akanigeukia. "Sasa piga."

Nikarudisha kanda nyuma kwa kidole cha gumba, nikabonyeza. Mmoja mrefu, miwili mifupi, mmoja wa kushuka na mkia wake. Walikuja tena, safari hii kwa mstari, wakubwa mbele. Wakainama, wakayakuta maji. Mzee alisikiliza wimbo wote, hadi pale kanda inapokwisha na kubaki ule mlio wa upepo mdogo. Hakulia. Kwenye hilo pia nilikosea. Alitikisa kichwa mara moja kwa mwanawe, akaingia ndani.

Koti lake nililimaliza wiki ile, nikiongeza bitana ambayo hakuiomba. Alikuja kulichukua asubuhi ya safari. Ng'ombe walikuwa wanangoja nje ya mji pamoja na wanawe wadogo, na mwanawe wa kwanza alikuja naye hadi kibarazani, fimbo mkononi, gitaa halionekani. Nikajua bendi imekwisha. Mzee akavaa koti, akanyoosha mkono wa kushoto, ule mfupi, akaona umekaa sawasawa.

"Nilikuuliza gitaa linamwita nani," alisema. "Ng'ombe wangu wamenijibu. Mimi sibishani na ng'ombe."

Akachukua fimbo mkononi mwa mwanawe. Aliichukua polepole, kidole kwa kidole, na kijana akawa anamwachia bila kuamini.

"Huyu nawaachia. Akija kunitembelea, mlango upo, na watoto wake wana kwao. Lakini mimi njiani nahitaji mtoto wa kwanza wa kuita ng'ombe." Akaonyesha ndani ya chumba changu, kwenye meza. "Nipeni yule mwingine. Aliye kwenye kanda."

Kanda nilikuwa nimeshamwekea tayari, imefungwa kwenye kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye koti. Lakini kanda peke yake haiimbi. Mzee hakuwa na redio, na duka lililoziuza halikuwa na hata moja wiki ile. Redio iliyokuwa mezani ilikuwa ile yetu, ya pekee, yenye kitufe chekundu. Nilimtazama mwimbaji, aliyekuwa ameegemea nguzo ya kibaraza. Ilikuwa yake. Alitazama redio, akamtazama mpiga solo, akaingia ndani, akaitoa mwenyewe. Aliifuta vumbi kwa mkono wa shati lake, akampa mzee kwa mikono miwili, na akamwonyesha kitufe cha kupiga na cha kurudisha nyuma.

"Hiki chekundu usikiguse, baba," alimwambia. "Kitafuta kanda yote."

Hivyo ndivyo kanda zetu zilivyokwisha. Wanaoniuliza kwa nini bendi ile haikurekodi zaidi huwa wanategemea niseme tuligombana, au wanawake, au pombe. Tulitoa mashine yetu tukabaki na mtu wetu. Tulipiga pamoja miaka mingi baada ya hapo, kwenye harusi, kwenye sikukuu, hadi Mwese kwa miguu na vyombo kichwani, na hakuna hata noti moja ya miaka hiyo iliyohifadhiwa popote. Ningeulizwa leo, ningetoa redio ileile tena, na cherehani juu yake.

Miaka ilipita bila habari za mzee kutoka kusini. Siku moja mwanaume wa makamo, mfugaji mpita njia, aliketi kibarazani akisubiri nimshonee suruali iliyochanika gotini. Alisema anatoka kusini, Rukwa. Mikono yangu ikasimama. Nilimuuliza kama anamjua mzee mmoja mrefu, mkono wa kushoto mfupi kidogo, mwenye redio.

"Yule wa koti!" alisema. "Nani hamjui? Redio yake ilikufa zamani, mama, mto uliichukua yeye akiwa anavusha ndama. Kanda nayo ikaenda. Lakini ng'ombe zake walishazoea, wakawa wanakataa mluzi wa kawaida. Mzee akajifunza mluzi upya uzeeni, kama ulivyokuwa kwenye kanda. Sasa kule sote tunauiga, maana ng'ombe tuliowanunua kwake hawaji bila huo."

"Mluzi gani?" nilimuuliza, ingawa nilikuwa nimeshasimama.

Akalowesha midomo, akapiga. Mmoja mrefu. Miwili mifupi. Mmoja wa kushuka, na mwishoni kabisa, ikapanda ile noti ndogo.

Ndani ya chumba, nyuma yangu, gitaa lililokuwa linafungwa nyuzi mpya liliwekwa chini. Mpiga solo akatokea mlangoni, mvi kidogo kichwani siku hizo, akasimama hapo akiangaza barabarani huku na huku. Hakumtazama mgeni wala mimi.

"Baba yuko wapi?" aliuliza.